Wageni Wawili wa Isiolo

Ukitoka mji wa Isiolo ukishika barabara kuu ya Moyale, hufiki mbali kabla ya kuingia Ngaremara, wadi ambayo wakazi wake wengi ni Waturkana. Nyuma yako, mjini, wamebaki Waisahakia, wajukuu na vitukuu wa Wasomali wa koo za Isaaq ambao wengi wao walilitumikia jeshi la Mwingereza kabla ya kupiga kambi hapa. Jamii hizi mbili ziliota mizizi Isiolo katika kipindi kimoja, kati ya vita vya kwanza vya dunia na vya pili. Zote mbili zilitoka mbali, na zote mbili huitwa wageni hadi leo kila mabishano ya ardhi yanapopamba moto. Lakini zilipata riziki kwa njia ambazo hazikufanana hata kidogo. Mwisahakia alishika biashara ya mifugo, akawa na duka, na jamaa zake wako Nairobi, Nanyuki na ng'ambo. Mturkana alichunga mifugo ya watu, akabeba kuni na maji, na baadaye akauza makaa kando ya barabara. Hoja ya makala haya ni kwamba tofauti hiyo ilitokana zaidi na sheria iliyompokea kila mmoja kuliko asili, dini au bidii yake. Sheria ndiyo iliyoamua nani auze, nani akae, na nani ahesabiwe kuwa mwenye mali. Waliofungiwa mlango katika miaka ya 1920 na 1930 waliwarithisha watoto wao mlango ule ule uliofungwa.

Kulinganisha jamii za wahamiaji ni kazi yenye mitego. Nchini Marekani, kwa mfano, mtu anaweza kuwaweka Walithuania na Watonga wa Pasifiki kwenye jedwali moja, akapima kipato na elimu ya kila upande, kisha akatoa hukumu kuhusu tabia za watu. Walithuania wengi waliingia Chicago kabla ya 1914, wakati machinjio makubwa ya mji huo yalipokuwa yakimeza kila mkono uliojitokeza. Riwaya ya Upton Sinclair ya mwaka 1906, The Jungle, imeisimulia familia moja ya aina hiyo. Watonga wengi walifika baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965, na idadi kubwa ilipitia kanisa la Wamormoni na kukaa Utah. Vipindi hivyo viwili vinatenganishwa na uchumi wa aina mbili tofauti na sheria mbili tofauti. Jedwali linalofuta tofauti hizo linapima zama na kudai linapima watu. Isiolo inatuondolea mtego huo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu hapa mahali ni pamoja, miaka ni ile ile, mtawala ni yule yule, na hata bidhaa kuu ni moja: mnyama mwenye miguu minne. Kilichobaki kutofautiana ni namna kila jamii ilivyopokelewa.

Isiolo yenyewe ni mtoto wa karantini. Walowezi wa nyanda za juu waliogopa magonjwa ya mifugo ya kaskazini, hasa homa ya mapafu ya ng'ombe, na waliogopa vilevile bei ya nyama ya kaskazini, ingawa hofu hii ya pili hawakuitaja kwa sauti. Serikali ikaweka kizuizi: ng'ombe wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini hawakuruhusiwa kushuka kwenda sokoni bila kukaa katika malisho ya karantini ya Isiolo. Mji ukakua kando ya malisho hayo, kisha ukawa makao ya utawala wa kaskazini yote. Katika mji wa namna hii, utajiri haukuwa wa mwenye ng'ombe wengi kuliko wenzake. Ulikuwa wa yule aliyeruhusiwa kumvusha ng'ombe kizuizini, aliyekuwa na leseni, aliyeweza kusafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kukamatwa. Sheria ya Wilaya za Pembeni ya 1902 ilikuwa tayari imeifunga kaskazini kwa kila asiye na kibali, na Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 ikaongeza kufuli juu ya kufuli. Kwa hiyo kibali kilikuwa mtaji kabla ya fedha kuwa mtaji.

Waisahakia walilielewa jambo hilo mapema kuliko wengi. Wasomali wa Isaaq, pamoja na Wasomali wenzao wa ukoo wa Harti, walikuwa wametumika kama askari, wabeba bunduki na wasimamizi wa misafara tangu Wazungu walipoanza kuranda bara. Walijua ofisi zinavyofanya kazi, na walijua kwamba katika koloni la Kenya kila kitu kilianzia kwenye swali moja: wewe ni mwenyeji au si mwenyeji? Aliyeitwa mwenyeji alivaa kipande cha utambulisho shingoni, alifungiwa katika hifadhi ya kabila lake, na alitibiwa na kufungwa kwa daraja la chini. Sheria ya Msamaha wa Wasomali ya 1919 iliwapa baadhi ya Wasomali nafasi ya kutoka katika kundi hilo kwa shughuli fulani. Walioipata waliweza kukaa mijini na kufanya biashara kwa uhuru ambao Mwafrika mwingine hakuwa nao. Isiolo walipewa pia eneo la malisho kwa mkataba wa upangaji, ambamo waliweka ng'ombe wao na wale waliowanunua kwa Waborana na Wasamburu kabla ya kuwapeleka kusini.

Kisha likaja jambo ambalo msomaji wa leo atalipokea kwa mshangao. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 serikali ilipanga upya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji, ikawawekea Waasia shilingi 30 na Wasomali shilingi 20. Waisahakia walikataa nafuu hiyo. Walitaka kulipa shilingi 30. Waliandika malalamiko, wakakataa kupokea stakabadhi za kiwango cha chini, na wakatumia mtandao wao uliofika Somaliland, Aden na hata Cardiff, ambako mabaharia wa Isaaq walikuwa wamejijenga, ili kilio chao kifike London. Mvutano huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ni rahisi kucheka, au kuona humo majivuno ya watu waliotaka kujitenga na Waafrika wenzao. Majivuno yalikuwemo, na si haki kuyaficha. Lakini hesabu yao ilikuwa ya kibiashara pia. Shilingi 10 za ziada zilikuwa bei ya kununua daraja, na daraja lilikuja na hospitali, shule, makazi na uhuru wa kusafiri. Mtu halipi bei ya juu kwa hiari kwa kitu kisicho na faida. Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hadhi ya kisheria ilikuwa mali katika Kenya ya wakati huo ni kwamba wafanyabiashara stadi walikuwa tayari kuinunua.

Mturkana aliyefika Isiolo miaka hiyo hiyo hakuwa na daraja la kununua. Nyuma yake kulikuwa na misafara ya kijeshi ambayo Waingereza waliipeleka Turkana, iliyofikia kilele mwaka 1918, na ambayo iliwanyang'anya watu silaha pamoja na makundi makubwa ya mifugo. Waliopoteza wanyama walitafuta riziki kusini na mashariki, kupitia nchi ya Wasamburu, na Isiolo ilihitaji mikono: ya kufyeka barabara, ya kuchota maji, ya kuchunga katika karantini, ya kulinda ng'ombe wa Wasomali na Waborana. Kazi hizo zilimpa chakula na mara nyingine mbuzi. Hazikumpa kibali. Kwa mtazamo wa mkuu wa wilaya, Mturkana alikuwa mwenyeji, ila mwenyeji wa wilaya nyingine, mtu aliyepotea njia na aliyepaswa kurudishwa kwao. Alifaa kama kibarua na hakufaa kama mkazi. Msomali aliitwa mgeni kwenye karatasi na akapewa malisho kwa mkataba. Mturkana aliitwa mwenyeji kwenye karatasi na hakupewa chochote, kwa kuwa hifadhi yake ilisemekana ipo ng'ambo ya milima, karibu na Ziwa Turkana. Mfugaji asiye na haki ya malisho hujenga kundi juu ya hisani ya jirani, na hisani hukatika mvua inapokatika.

Pingamizi la kwanza linajitokeza hapa lenyewe. Atasema mtu: Waisahakia walikuja na mtaji, walikuja na dini iliyowaunganisha na wafanyabiashara kuanzia Pwani hadi Bara Arabu, walikuja na desturi ya biashara ya karne nyingi, Waturkana walikuja mikono mitupu. Je, si utamaduni huo uliowatenganisha? Sehemu ya pingamizi hili ni kweli. Mkopo kati ya ndugu wa ukoo mmoja, imani ya mtu aliye Berbera kwa mtu aliye Isiolo, ni nguvu ambayo hakuna sheria iliyoiumba. Hata hivyo mtandao huo ulizaa matunda pale tu ambapo sheria iliuruhusu upite. Tuna njia ya kuthibitisha hilo, nayo ni kutazama kilichowapata Waisahakia sheria ilipobadilika. Baada ya uhuru, ile hadhi ya kutokuwa mwenyeji waliyoigharamia kwa miaka iligeuka kuwa kitanzi. Katika Kenya mpya, mwenye haki ya ardhi alikuwa yule wa asili ya mahali, na hao walikuwa wametumia miaka mingi kuthibitisha kwa maandishi kwamba si wa asili ya mahali. Vita vya shifta, uasi wa kaskazini dhidi ya serikali mpya, vilimfanya kila Msomali kuwa mtuhumiwa. Kanuni za hali ya hatari katika maeneo ya kaskazini, Isiolo ikiwemo, zilidumu hadi 1991. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wachujwe na wapewe kadi ya pekee, na watu waliozaliwa Isiolo, ambao baba zao walivaa sare ya mfalme wa Uingereza, wakapanga foleni kueleza wao ni raia wa wapi. Utamaduni ulikuwa ule ule, dini ile ile, ukoo ule ule. Kilichopungua ni ulinzi wa kisheria, na pamoja nao nafasi ya jamii hiyo katika mji ambao ilisaidia kuujenga. Wengi wa wale waliobaki na unafuu walikuwa wale ambao pesa za jamaa wa ng'ambo ziliwafikia, yaani wale ambao sehemu ya maisha yao ilikuwa nje ya mkono wa sheria ya Kenya.

Kuna shahidi wa tatu, na bila yeye hoja hii ingekuwa pungufu: Mborana. Yeye hakuwa mgeni. Mtawala wa kikoloni alimtambua Isiolo kama mwenye malisho, alikuwa na ng'ombe na ngamia wengi, na kwa kipimo cha miaka ya 1950 alikuwa tajiri kuliko Mturkana kwa mbali. Kisha ukaja mwaka 1963 na miaka minne ya vita hivyo vya shifta. Mkuu wa kwanza Mwafrika wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa Juni 1963 pamoja na chifu Haji Galma Dido. Jina la Wabera leo ni jina la wadi mjini na la barabara katikati ya Nairobi. Serikali iliwakusanya watu katika vijiji vya kulindwa, ikataifisha na kuua mifugo, na kufikia makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyomaliza vita, Waborana wengi wa Isiolo walikuwa mafukara. Kama asili na utamaduni ndivyo vinavyoamua hali ya jamii, mwenye ardhi wa miaka mingi asingeanguka kwa miaka minne. Alianguka kwa sababu dola ilimwondoa katika orodha ya wanaolindwa. Ninamleta Mborana hapa pia kwa sababu mazungumzo kuhusu Ngaremara hupenda kumchora kama mwenye nyumba aliyeshiba anayewafukuza wageni wenye njaa. Picha hiyo si ya kweli. Watu walionyang'anywa kila kitu isipokuwa madai yao ya ardhi hushikilia madai hayo kwa meno.

Baada ya 1963 ardhi ya Isiolo iliwekwa mikononi mwa baraza la wilaya kama amana ya wakazi. Kwa maneno ya sheria, Mturkana wa Ngaremara alikuwa mkazi kama mwingine yeyote. Kwa vitendo, amana hiyo iligawanywa na waliokuwa na viti barazani, na maeneo makubwa yalikwenda kwa jeshi, kwa mbuga na kwa malisho ya idara ya soko la mifugo iliyorithi karantini ya kale. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulikuwa umeshatangaza kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kule ambako zingezaa haraka, yaani penye mvua, reli na mashamba. Kaskazini yote ilikaa nje ya mstari huo. Aliyekuwa na duka aliweza kuishi bila serikali. Aliyetegemea mifugo juu ya ardhi isiyo yake aliihitaji serikali, nayo haikuja. Aliyekuja Ngaremara na vitongoji vya Waturkana mjini ni Kanisa Katoliki, pamoja na shule, zahanati na chakula cha msaada. Padri Luigi Locati alifanya kazi Isiolo kwa miongo kadhaa, akawa askofu wa kwanza wa vikarieti iliyoanzishwa 1995, na akauawa mjini humo Julai 2005. Ukitaka kujua ni kwa nini Waturkana wa Isiolo wengi ni Wakristo na majirani zao wengi ni Waislamu, na kwa nini mgogoro wa malisho hapa huvaa haraka nguo ya dini, chunguza ni nani alijenga shule wapi.

Pingamizi la pili ni la mwanajiografia. Ngaremara ni kavu, atasema. Ukame na wizi wa mifugo ndivyo vinavyowafukarisha watu wake, na hakuna haja ya kufukua sheria za 1902. Ukame ni kweli na wizi wa mifugo ni kweli. Mapigano ya 2011 na 2012 kati ya Waturkana kwa upande mmoja na Waborana na Wasomali kwa upande mwingine yaliua watu, yakachoma nyumba na kufunga shule. Lakini ukame huwaangukia wote, na bado hauwaachi wote mahali pamoja. Wanawake wa Kisomali wa Isiolo wamejenga biashara ya maziwa ya ngamia inayopakia madumu kwenye mabasi kila siku kwenda Eastleigh, Nairobi. Biashara hiyo inaishi katika kaunti ile ile kavu. Inaishi kwa sababu kuna mnunuzi anayeaminika upande wa pili wa barabara, na mnunuzi huyo ni jamaa au jamaa wa jamaa. Mwanamke wa Ngaremara anayeuza gunia la makaa kwa dereva wa lori hana mtu upande wa pili. Zaidi ya hayo, biashara yake inasimama juu ya sheria isiyompenda. Serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, muuza maziwa hakuguswa. Muuza makaa aligeuka mhalifu, mwenye kumkimbia askari au kumpa chochote. Sina ugomvi na nia ya kulinda miti. Ninachosema ni kwamba mzigo wa sheria ile ulimwangukia mtu ambaye sheria za awali zilimwachia makaa tu.

Lipo pia pingamizi la kisiasa: mambo yamebadilika, na Mturkana wa Isiolo hahitaji tena kuhurumiwa. Ni kweli yamebadilika, na mabadiliko hayo yanaunga mkono hoja hii badala ya kuipinga. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na Ngaremara ikawa mojawapo ya wadi 10 za Isiolo, yenye mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Uchaguzi wa 2013 ulimpeleka Mturkana, Joseph Samal, bungeni kwa kiti cha Isiolo Kaskazini. Tabia za watu hazikubadilika kati ya 2009 na 2013. Kanuni za kuhesabu kura na kugawa fedha ndizo zilizobadilika, na jamii iliyokuwa kibarua ikawa jamii inayobembelezwa na kila mgombea. Hifadhi za wanyamapori za kijamii kama Nakuprat-Gotu na Nasuulu nazo zimefungua kazi za ulinzi na kamati ambamo Waturkana na majirani zao wanakaa meza moja. Faida yake ni ndogo kuliko matangazo yake, na mabishano kuhusu nani hasa anamiliki ardhi hizo hayajaisha, lakini kamati yenye mhuri ni hatua kwa watu ambao baba zao walirudishwa makwao kama mizigo iliyopotea.

Isiolo ya sasa si mji wa karantini tena. Lami imefika Moyale, uwanja wa ndege umefunguliwa, na ukanda wa usafiri wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu Machi 2012 unapita katika ramani ya kaunti hii kwa barabara, reli na bomba. Watu wa kaunti waliongezeka kutoka 143,294 mwaka 2009 hadi 268,002 mwaka 2019. Ardhi ambayo miaka ya 1930 ilikuwa na thamani kwa ng'ombe tu, sasa ina thamani kwa kila mwenye ramani na wakili. Kwa sababu hiyo ile karatasi ambayo Waisahakia waliigombania kwa shilingi 10 imerudi kwa sura mpya. Katika Kifungu cha 63, Katiba inasema ardhi ya jamii ni ya jamii inayotambulika kwa kabila, utamaduni au maslahi ya pamoja. Neno "kabila" likisomwa peke yake, Mturkana wa Ngaremara na Mwisahakia wa mjini wote wanabaki wageni, kila mmoja ameelekezwa kwao kwingine. Maneno "maslahi ya pamoja" yakisomwa kwa uzito unaostahili, watu waliochunga, waliozika na kusomesha mahali pamoja kwa karibu miaka 100 wanaweza kujiandikisha kuwa jamii, hata kama lugha zao ni nne. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeweka utaratibu: orodha ya wanajamii, mkutano, kamati, mpaka, cheti. Hadi cheti kitoke, kaunti inashika ardhi hiyo kwa amana, na fidia ya kila mradi unaoichukua inawekwa kwenye akaunti ikingoja mwenyewe ajulikane. Orodha hiyo ya majina ndiyo inayopaswa kufuatiliwa Ngaremara kwa sasa kuliko hotuba za amani au ahadi za jiji la mapumziko chini ya LAPSSET, kwa kuwa atakayeachwa nje yake hatakuwa na jambo la kudai benki, mahakamani wala kwa mhandisi wa bomba.